Gari la familia la 2004: betri inalala likipumzika wikendi, na fyuzi ya taa za nyuma haiishi kuungua

Donholm7

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa kusaka tatizo la stima kwenye gari la nyumbani. Ni la viti saba, la mwaka 2004, petroli lita 1.8, giya otomatiki, lililoletwa kutoka Japani likiwa limetumika. Matatizo ni haya, na sijui kama ni ugonjwa mmoja au ni mitatu tofauti.

Likilala kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi, stata inatoa mlio wa tik-tik-tik tu. Nikiunganishiwa nyaya kutoka gari la jirani linawaka papo hapo. Betri ni mpya, ya ukubwa wa NS60, na iliyotangulia ilikuwa na tabia hiyohiyo.

Fyuzi iliyoandikwa TAIL, ya 10A, inaungua. Si kila siku. Ikiungua, taa ndogo za nyuma, taa ya nambari na mwanga wa dashibodi vinazimika pamoja. Breki na indiketa zinabaki sawa.

Jioni kwenye foleni mvua ikinyesha, nikiwasha taa kubwa, wipa na feni ya ndani, mwanga unafifia hadi nikanyage mafuta.

Vilivyoongezwa baada ya kununuliwa: redio ya skrini, alamu yenye kat-auti (swichi ya kukata umeme gari lisiibwe), na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo). Nimeshauriwa nibadilishe alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Kabla sijatoa hela nataka njia ya kuthibitisha. Nina ile multimita ndogo ya manjano inayouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, na spana nambari 10.

FundiWaya

Dada, weka hela mfukoni kwanza. Hayo ni matatizo yasiyopungua mawili, na huenda alteneta haimo kabisa. Multimita yako inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Iweke kwenye DC 20V na uandike kila namba utakayoipata.

Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, pima betri kwenye nguzo zenyewe za risasi, si kwenye klampu. 12.6 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na chini ya 11.8 hesabu kwamba imeisha. Ukipima gari likiwa limezimwa sasa hivi, namba inakuwa juu kuliko hali halisi. Washa taa kubwa dakika mbili, zizime, subiri kidogo, ndipo upime.

Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia multimita. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6. Baada ya hapo kuna kipimo ambacho hurukwa sana: probu nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi wala grisi, na stata ipigwe tena. Hapo isizidi 0.2. Ikizidi, umeme unapotelea kwenye arthi, yaani njia ya hasi kati ya betri na chuma cha gari, kabla ya kuifikia stata. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo chanya ya betri hadi bolti kubwa ya stata. Huko 0.5 ndiyo mwisho.

Sasa washa injini, vitu vyote vikiwa vimezimwa. Betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Halafu washa taa kubwa, wipa, na feni ya ndani namba ya mwisho, mtu ashikilie mafuta kwenye mizunguko 1,500 hivi. Pima sehemu nne: kwenye betri, kati ya bolti kubwa iliyo nyuma ya alteneta na ganda lake, kati ya bolti hiyo na nguzo chanya, na kati ya ganda la alteneta na nguzo hasi. Mbili za mwisho zisizidi 0.2 kila moja. Funga nywele na kunja mikono ya nguo, mkanda uko pale pale karibu.

Kipimo hicho cha sehemu nne ndicho kitakachosema kama alteneta ni mbovu au inasingiziwa. Ikitoa 14 mgongoni mwake na betri inapata 13, alteneta mpya itakupa 13 ileile.

Mwanaspea

Mimi naona njia fupi ni kupanda ukubwa wa betri. Kama kikalio kina nafasi, weka NS70, ina 65Ah (ampea-saa, kiasi cha umeme betri inachobeba) badala ya 45Ah za NS60. Wikendi itaisha bila wasiwasi.

FundiWaya

Mwanaspea, hapo nakupinga. Betri kubwa inaongeza tu muda kabla ya kulala. Tuseme kuna kitu kinanyonya ampea 0.4 usiku na mchana. Hiyo ni karibu Ah 10 kwa siku. Betri ya 45Ah iliyojaa inafika nusu kwa siku mbili na kidogo. Ya 65Ah kwa siku tatu na kidogo. Na betri ya kawaida ya gari ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, sahani zake zinashika salfeti na haijai tena sawasawa. Atakuwa ameua betri ya bei ya juu zaidi. Hata ya kwanza aliyoitupa inawezekana haikuwa na kosa lolote.

Spana10

Nyongeza juu ya kinachonyonya. Gari la umri huo likilala linapaswa kutumia chini ya miliampea 50, yaani 0.05A, pamoja na saa, kumbukumbu ya kompyuta na alamu. Kupima:

Tahadhari kwanza. Kwenye multimita hizo za manjano tundu la 10A halina fyuzi ndani. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa wakati imeunganishwa hapo, utaichoma.

Fungua boneti. Fungua mlango wa dereva na usukume kitasa chake kwa bisibisi hadi kishike kama mlango umefungwa, na swichi ya mlango uibane kwa tepu ili taa ya ndani izime. Ondoa ufunguo. Legeza klampu ya hasi. Kabla ya kuichomoa, unganisha waya mnene kutoka nguzo hasi hadi kebo ya hasi, ndipo uchomoe klampu. Weka multimita kwenye 10A, probu moja kwenye nguzo na nyingine kwenye kebo, kisha acha waya ule mahali pake. Ngoja dakika 40, vifaa vyote vilale. Ondoa waya, soma namba, rudisha waya. Ukichomoa na kurudisha betri ghafla bila waya wa daraja, alamu na kompyuta zinaamka upya na utasoma namba ya uongo.

Ukipata zaidi ya 0.05, usianze kuchomoa fyuzi moja moja. Kila fyuzi ina vitone viwili vya chuma mgongoni. Rudisha betri kikamilifu, acha gari lilale tena, geuza multimita kwenye 200m ya DC na uguse vitone vyote viwili. Fyuzi isiyopitisha chochote inasoma 0.0. Inayopitisha inaonyesha sehemu ya milivolti au zaidi. Fyuzi ndogo ya 10A ikionyesha 0.8 hivi, hapo zinapita takriban miliampea 100. Pitia kasha la chini ya dashibodi na la kwenye boneti, yote mawili.

Fyuzi zote zikiwa 0.0 na bado betri inanyonywa, shuku diodi za alteneta, vipande vinavyozuia umeme wa betri kurudi ndani yake. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, ganda la alteneta liwe baridi kama injini. Likiwa na joto asubuhi, diodi inavuja. Thibitisha kwa kutoa hasi ya betri, kufungua kebo ya bolti kubwa ya alteneta na kuifunika vizuri kwa tepu, kisha kupima unyonyaji upya.

Na usisahau taa ya buti na ya kisanduku cha dashibodi. Balbu ya wati 5 pekee inakula ampea 0.4. Weka simu ndani ikirekodi video, funga mlango, kisha tazama kama giza linaingia.

WayaZaNgara

Niingie kwenye fyuzi ya TAIL, maana hapo ndipo magari mengi ya mlango wa nyuma unaofunguka juu huchosha watu. Taa ya nambari iko kwenye mlango huo, na waya wake unapita ndani ya mpira wenye mikunjo karibu na bawaba ya juu. Kila ukifungua mlango kutia mabegi ya shule au mizigo ya soko, nyaya zinajikunja palepale. Baada ya miaka mingi plastiki inakauka na kupasuka, shaba inabaki uchi, na siku ikigusa bodi au waya wa arthi, fyuzi inakwenda. Ndiyo maana haiungui kila siku.

Chomoa mpira huo upande wa bodi kwa vidole, unatoka kama kizibo. Usivute nyaya kwa nguvu. Kunja kila waya taratibu: wenye shaba iliyokatika ndani unalegea mahali pamoja hata kama plastiki ni nzima.

Kabla ya hapo, acha kupoteza fyuzi. Chukua soketi ya balbu yenye nyaya mbili na balbu ya wati 21, ile ya indiketa. Ondoa fyuzi ya TAIL, chomeka nyaya za soketi kwenye matundu yake mawili. Ondoa balbu ndogo za taa za nyuma, za mbele na ya nambari, kisha washa taa ndogo. Balbu yako ya majaribio ikizima au kuwaka kwa udhaifu, hakuna shoti wakati huo. Udhaifu huo ni mwanga wa dashibodi tu. Sasa fungua na kufunga mlango wa nyuma polepole, tikisa mpira, tikisa nyaya za nyuma ya taa kila upande. Ikiruka ghafla kuwa na mwanga kamili, mkono wako uko juu ya shoti. Balbu hiyo haipitishi zaidi ya ampea 1.8 hivi, kwa hiyo hakuna waya utakaoungua ukitafuta.

Na tafadhali, asikuwekee mtu fyuzi ya 20A wala kipande cha waya "kwa muda". Fyuzi ndiyo sehemu dhaifu iliyokusudiwa. Ukiipa nguvu, sehemu dhaifu inakuwa waya ulio chini ya kapeti, na moto unaanzia hapo watoto wakiwa kwenye viti vya nyuma.

Donholm7

Asanteni sana. Nimepima yote. Namba ni hizi:

Asubuhi baada ya usiku mmoja: 12.4.
Wakati wa stata: betri 10.9. Nguzo hasi hadi chuma cha injini: 2.6. Upande wa chanya: 0.3.
Injini ikizunguka bila mzigo: betri 14.0.
Na mzigo wote: betri 13.1. Mgongoni mwa alteneta: 13.9. Bolti hadi chanya: 0.1. Ganda hadi hasi: 0.7.
Unyonyaji baada ya dakika 40: 0.36A.
Fyuzi: ya taa ya ndani na redio, 15A, inasoma 1.5 milivolti. Ya alamu 0.1. Nyingine 0.0. Alteneta asubuhi ni baridi.

Jaribio la balbu: imewaka mwanga kamili nilipofungua mlango wa nyuma kufika nusu. Ndani ya mpira, waya wa kijani umechubuka na mwingine mweupe wenye mstari mweusi umekatika kabisa.

FundiWaya

Kazi safi kabisa. Alteneta yako ni nzima, iache ilipo. Inatoa 13.9 na mzigo wote ukiwa juu. 0.8 zinapotea njiani, na 0.7 kati ya hizo ziko upande wa arthi. Kipimo cha stata kinasema jambo lilelile kwa sauti zaidi: 2.6 zinapotea kati ya betri na injini, kwa hiyo stata inabaki na volti 8 tu. Kebo ya hasi inayotoka betri kwenda kwenye giyaboksi ndiyo mgonjwa, ama kwenye bolti yake ama ndani ya kebo yenyewe.

Hii pia inaeleza kwa nini nyaya za jirani zinawasha papo hapo. Kibanio cheusi kikibanwa kwenye chuma cha injini, kama inavyotakiwa, umeme unaruka kebo mbovu. Ukaona kama betri yako ndiyo ilikuwa tupu.

Sasa unganisha na ile 0.36A. Ni Ah 8.6 kwa siku. Betri haijai vizuri jioni kwa sababu kwenye foleni inapata 13.1 badala ya 13.8, kisha wikendi inanyonywa Ah 14 au zaidi, kisha Jumapili inaulizwa kusukuma stata kupitia arthi mbovu. Likiondolewa moja tu, gari lingewaka kwa shida. Yakiwa pamoja halina namna.

Anza na arthi. Toa hasi ya betri kwanza, daima, na uirudishe mwisho. Fuata kebo hadi kwenye giyaboksi, fungua bolti, kwangua chuma na kijicho cha kebo (pete ya mwisho inayopitisha bolti) kwa brashi ya waya hadi ving'ae. Unga mweupe au kijani kwenye klampu uondoe kwa baking soda, kijiko kimoja cha mezani kwenye vikombe viwili vya maji ya moto, usuuze na ukaushe. Funga, paka grisi juu baada ya kukaza, si kabla. Kuna mkono mwingine mfupi wa hasi unaokwenda kwenye bodi karibu na betri, ufanyie vivyo hivyo. Pima tena. Kama stata bado inapoteza zaidi ya 0.2, kebo imeoza ndani, ibadilishe.

Donholm7

Nimesafisha, imeshuka kutoka 2.6 hadi 1.1. Ukikunja kebo karibu na kijicho inalia kama kuna mchanga. Ninunue unene gani? Na kwenye redio nitafute nini?

Spana10

Huo mchanga ni shaba iliyogeuka kutu ya kijani. Tupa.

Nunua kebo ya shaba ya milimita 25 za mraba, nyumbufu, ile ya mashine za kuchomelea inafaa sana. Sentimita 50 zinatosha kwa magari mengi ya ukubwa huo, lakini pima ya zamani kwa kamba kwanza. Vijicho viwe vya shaba, tundu la milimita 8 au 10 kulingana na bolti, na vibanwe kwa mashine ya kubana. Kirinyaga Road wapo wanaokubania hapohapo. Usikubali kijicho kilichogongwa kwa nyundo na kujazwa risasi. Na chunguza shaba kabla ya kulipa: kwangua nyuzi kwa kisu. Zikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyofunikwa shaba juu tu, na hiyo haifai kwa unene huo.

Redio. Magari ya Japani ya miaka hiyo yalikuja na redio inayopokea FM 76 hadi 90, na stesheni za hapa ziko 88 hadi 108, ndiyo maana karibu kila moja limebadilishwa redio. Kwenye redio za kuongezwa, waya wa manjano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni arthi. Toa redio, na kuna uwezekano mkubwa utakuta manjano na mwekundu vimesokotwa pamoja na kufungwa tepu. Hapo redio haijui kama umezima gari. Skrini inazima ukibonyeza, lakini kompyuta yake ya ndani inabaki macho.

Chomoa plagi ya redio na upime unyonyaji. Ukishuka hadi 0.05 au chini, umethibitisha. Tenganisha nyaya hizo. Manjano ibaki kwenye umeme wa kudumu. Kwa mwekundu, tafuta kwenye plagi ya gari waya unaosoma 12 ufunguo ukiwa ACC (hatua ya kusikiliza redio kabla ya kuwasha injini) na 0 ukiwa umezimwa. Mara nyingi upo, umekatwa tu na kuachwa. Kama haupo, chukua umeme kwenye mzunguko wa tundu la sigara, kwa kupitia fyuzi yake.

WayaZaNgara

Nyaya za mlango wa nyuma: usiunge ndani ya mpira. Kiungo ni kigumu, kitakatika tena pembeni mwake. Kata kila waya uliochakaa sentimita 10 ndani ya paa na sentimita 10 ndani ya mlango, weka kipande kipya katikati, na viungo vipishane ili visikae mahali pamoja. Tumia waya wa nyuzi nyembamba nyingi wenye ganda la silikoni, milimita 0.75 za mraba kwa taa, 1.5 kwa wipa. Ule wa kupasha kioo cha nyuma na arthi ya mlango viwe 2.5, hivyo vinabeba mzigo mkubwa. Bana kwa viunganishi, funika kwa mrija wa kusinyaa kwa joto, tepu nyeusi iwe ya kufunga fungu tu. Kwa umri wa gari lako badilisha zote zilizomo kwenye mpira, hata zinazoonekana nzima. Hizo mbili zimetangulia tu, zinazobaki zimekunjwa idadi ileile.

Angalia pia kama mpira umepasuka. Maji ya mvua yanaingia hapo na kushuka kwa nyaya hadi kwenye soketi ya taa. Na wanaoosha gari wasipige maji ya presha hapo wala kwenye injini.

Donholm7

Kebo mpya iko ndani. Stata sasa inapoteza 0.15. Kwa mzigo wote betri inasoma 13.8. Redio ilikuwa kama alivyosema Spana10, manjano na mwekundu pamoja. Baada ya kutenganisha unyonyaji ni 0.04. Nyaya za mlango zimebadilishwa zote, fyuzi ya 10A imerudi na balbu ya majaribio haiwaki kamili hata nikitikisa. Swali la mwisho: Desemba gari litabaki Nairobi tukiwa ushago. Traka na alamu hazitaimaliza?

FundiWaya

0.04A ni karibu Ah 1 kwa siku. Wiki mbili ni Ah 13 na kidogo, betri iliyojaa itabaki na takriban asilimia 70, litawaka bila shida. Kwanza lakini ichaji kwa chaja ya ampea 4 au 5 usiku mzima, kwa sababu imeshushwa mara nyingi na alteneta peke yake haiirudishi haraka. Ikifika 12.6 na siku ya pili bado iko 12.6 hasi ikiwa imechomolewa, haijaharibika.

Mkikaa mwezi mzima, toa hasi. Traka ina betri yake ndogo na itatuma taarifa kwamba umeme umekatwa, kwa hiyo piga simu kwa kampuni ya traka siku moja kabla, wasije wakadhani gari linaibwa. Ukirudisha, injini inaweza kuzunguka bila utulivu kwa dakika chache. Iache ipate joto bila kukanyaga mafuta.